Mgonjwa wa moyo mnyamavu, mwenye kuweka mambo rohoni: tunaanzia wapi kliniki?

Muuguzi_Likoni aliuliza:

Salaam nyote. Swali langu ni la kazi.

Kliniki yetu ya presha na moyo huku Likoni inaona waliotoka wodini baada ya mshtuko wa moyo, waliobadilishwa vali kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, na wale ambao moyo umechoka kusukuma damu. Presha tunapima, vidonge tunahesabu, miguu tunaibonyeza kuona kama imevimba. Hali ya nafsi ndiyo inayotuponyoka.

Mgonjwa anayenipa shida si yule mkali wa kufoka. Ni yule mpole, kila swali jibu lake "alhamdulillahi, sijambo", mke au binti ndiye anayeeleza, na yeye macho yako sakafuni. Miezi 2 baadaye anarudishwa usiku akihema, na nusu ya vidonge viko kwenye pakiti.

Nasikia habari za watu wa aina A na aina D. Je, kuna faida kumpima mgonjwa tabia yake? Kama ipo, tunapima vipi katika dakika 8 tulizo nazo kwa kila mtu? Na tukishajua kwamba ni mtu wa kuweka mambo rohoni, tunafanya nini, maana tabia ya mtu wa miaka 58 haibadilishwi kwa nasaha ya dakika 8?

---

Tabibu_Kizingo alijibu:

Bi Muuguzi, umeuliza panapouma. Nianze na hizo herufi, kisha nikwambie kwa nini nisingezibandika kwenye faili la mtu.

Aina A ilitoka San Francisco miaka ya 1950, kwa madaktari 2 wa moyo, Meyer Friedman na Ray Rosenman. Walimweleza mtu mwenye haraka, mshindani, asiyevumilia foleni. Walifuatilia wanaume 3,154 kwa miaka 8 na nusu, na wa aina A wakaonekana kupata ugonjwa wa moyo karibu mara 2 ya wengine. Watu wakaamini kwamba pupa ndiyo inayoua. Lakini mwaka 1988 walipotazamwa wale wa kundi hilohilo waliokwisha kuugua, ikaonekana wa aina A hawakufa zaidi. Walikufa kidogo kuliko wenzao. Zaidi ya hapo, kampuni za sigara ziligharamia sehemu ya tafiti za aina A kwa miaka mingi, kwa sababu iliwafaa lawama iende kwenye tabia kuliko kwenye sigara. Kilichobaki imara kidogo katika hayo yote ni uhasama: chuki ya muda mrefu na kudhani kila mtu ana nia mbaya. Haraka peke yake haina ushahidi mzito.

Aina D ni ya Johan Denollet, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi. Kwa bahati herufi yenyewe inakaa vizuri kwetu: D ya dhiki. Mtu huyo ana mambo 2 kwa pamoja. La kwanza, hisia nzito za mara kwa mara, yaani wasiwasi, huzuni, kukereka. La pili, kuzizuia hisia hizo mbele za watu kwa kuogopa kukataliwa au kulaumiwa. Lazima yawepo yote mawili. Mnyamavu mwenye roho tulivu si aina D, na mwenye huzuni anayeitoa kwa kusema naye si aina D. Dodoso lake la mwaka 2005 lina maswali 14, 7 ya hisia na 7 ya kujizuia, kila moja alama 0 hadi 4. Anayepata 10 au zaidi pande zote mbili ndiye anayehesabiwa.

Mwaka 1996 Denollet na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 303 wa moyo nchini Ubelgiji: waliofariki katika miaka ya kufuatiliwa walikuwa 27% kwa aina D na 7% kwa wengine. Takwimu kama hiyo inatisha. Ila tafiti kubwa za baadaye zimekuta uhusiano hafifu, na nyingine hazikuukuta kabisa. Sababu moja ni ule mstari wa alama 10: aliyepata 9 na aliyepata 10 ni watu wa hali moja, lakini mmoja anaingia kundini na mwingine anaachwa nje.

Sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, ndiyo yenye ushahidi mzito. Huko Montreal mwaka 1993, Nancy Frasure-Smith na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 222 baada ya mshtuko wa moyo. Waliokuwa na sonona wangali wodini walikuwa na hatari ya kufa ndani ya miezi 6 zaidi ya mara 4 kuliko wasio nayo, hata baada ya kuzingatia ukubwa wa madhara ya moyo wenyewe. Na karibu mtu 1 kati ya 5 waliopata mshtuko wa moyo ana sonona kamili. Katika foleni yako ya Jumatatu hao si wachache.

Kwa hiyo jibu langu fupi: katika dakika 8, pima hali ya nafsi ya sasa. Tabia itazame tu ikuonyeshe namna ya kuuliza.

---

Mshauri_Majengo alijibu:

Nakubaliana na daktari kwa sehemu kubwa, ingawa kuhusu tabia nitamrudia chini. Kwanza tuizungumze lugha, kwa sababu kliniki ya moyo ina mtego ambao kliniki nyingine hazina.

Kwetu moyo ni kiungo na moyo ni nafsi. "Moyo unaniuma" huenda ni mshipa uliobana, na huenda ni mtoto aliyetupwa jela Shimo la Tewa. "Moyo mzito", "moyo unanienda mbio", "kifua kimejaa", "roho inanipapa": kila moja ina milango 2. Muuguzi akisikia mlango mmoja tu, mgonjwa wa angina, yaani maumivu ya mshipa wa moyo uliobana, anarudishwa nyumbani na nasaha, au mwenye sonona anaongezewa kidonge cha presha.

Mtego huo umo hata ndani ya maswali ya kupimia. Utakuta swali la "umevunjika moyo?". Muulize hivyo mtu aliyetoka kufanyiwa kipimo cha moyo, atakwambia daktari hakusema umevunjika, alisema mshipa umeziba. Hajakwepa, amejibu alivyosikia. Sema "umekata tamaa" na utapata jibu la swali lako.

Sasa dakika 8. Anza na maswali 2 ya mwanzo ya PHQ, dodoso la kupimia sonona. Katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejihisi mwenye huzuni au umekata tamaa? Hakuna kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku hizo ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumla ikifika 3 au zaidi, endelea na maswali yote 9. Hapo jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 mtu huyo anahitaji kutathminiwa vizuri na mhudumu aliyefunzwa. PHQ-9 ya Kiswahili ipo na imejaribiwa humu nchini, kwa hiyo msikae mkatafsiri yenu mezani.

Mnyamavu usimsomee maswali mbele ya foleni. Mpe karatasi atie alama mwenyewe. Kama hasomi, weka maharagwe 3 kwenye kisahani na umwambie: nitakuuliza, wewe sogeza maharagwe kadiri siku zilivyokuwa nyingi. Mkono wake utasema ambacho mdomo ungekikata kwa "sijambo". Kaa ubavuni mwake, msikabiliane. Ukishauliza, ngoja. Hesabu moyoni hadi 10 kabla ya kutia neno. Wengi wetu tunashindwa hapo: sekunde ya 3 tunajijibia wenyewe, "uko sawa, sivyo?", na yeye anakubali kwa adabu.

Maswali ya ndiyo na la yaache. "Unameza dawa?" haina jibu jingine ila "ndiyo". Uliza, "Wiki hii kidonge gani kilikushinda?" Hapo umeshamwambia kwamba kushindwa kunajulikana na hakuna atakayegombwa. Kisha muombe akupitishe siku ya jana: alipoamka alifanya nini, adhuhuri alikuwa wapi, jioni alikaa na nani. Ukisikia jana yake yote imepita ndani ya chumba kimoja, umeshapata jawabu kubwa.

Alama ninayoiamini kwa wanaume wa mjini ni baraza. Mtu aliyekuwa akitoka baada ya alasiri kukaa barazani na kahawa yake, kisha akaacha, muulize lini aliacha. Kama aliacha kwa sababu ngazi zinamchosha, hilo la daktari. Kama aliacha kwa sababu hana la kuwaambia watu, hilo letu. Kwa wanawake tazama chama na shughuli: anayetuma mchango wa harusi kila mara na yeye haonekani.

Na mke anayejibu badala yake: msimfukuze, maana yeye ndiye atakayekueleza habari za usiku. Wekeni utaratibu wa wote, kwamba kila msindikizaji apeleke karatasi kwenye dirisha la dawa wakati mgonjwa anapimwa uzito. Hakuna atakayehisi ametengwa, nanyi mnapata dakika 3 peke yenu.

---

Mfamasia_Tononoka alijibu:

Naongezea upande wa dawa, kwa sababu nafsi ikishapimwa mtu wa kwanza kuulizwa "ni nini kitamsaidia?" mara nyingi ni sisi wa dirishani.

Kati ya dawa za sonona, amitriptilini ndiyo inayopatikana karibu kila mahali na ni rahisi, kwa hiyo mkono unaikimbilia. Kwa mtu aliyepata mshtuko wa moyo hivi karibuni au mwenye mapigo yasiyo sawa, iwekeni kando. Inavuruga njia ya umeme wa moyo, inashusha presha mtu anaposimama, na vidonge vichache vikizidi vinaua. Inayoandikiwa mtu usingizi au ganzi ya miguu kwa 25 mg ni hiyohiyo, basi soma daftari la zahanati nyingine pia.

Sertralini imejaribiwa kwa wagonjwa wa moyo wenyewe na ikaonekana salama. Utafiti wa mwaka 2002 ulikuwa na watu 369. Kwa kawaida huanzwa 25 au 50 mg mara moja kwa siku. Mwambie mgonjwa mapema kwamba wiki ya kwanza tumbo linaweza kuchafuka na wasiwasi ukapanda kidogo, nafuu huanza kati ya wiki ya 2 na ya 4, na kuhukumu kama imefaa ni wiki ya 6 hadi 8. Asiyeambiwa hayo ataiacha siku ya 5, na mnyamavu hatarudi kukwambia.

Fluoksetini ni rahisi kupata, ila ina makucha. Inazuia ini kuivunja metoprololi ya kupunguza mapigo, basi mapigo yanaweza kushuka chini ya 50 na mtu akahisi kizunguzungu. Inapunguza nguvu ya klopidogreli ya kuzuia damu kuganda, na kwa mwenye vali ya chuma anayemeza warfarini, nayo ya kuzuia kuganda, inaweza kupandisha INR, yaani kipimo cha wepesi wa damu, kwa hiyo pimeni ndani ya wiki moja ya kuianza. Sitalopramu inarefusha mpigo wa umeme wa moyo: isizidi 20 mg kwa aliyepita miaka 60, na kipimo cha umeme wa moyo kifanywe kwanza, hasa kama potasiamu imeshuka kwa sababu ya dawa za kukojoza.

Hizi 3, sertralini, fluoksetini na sitalopramu, zikimezwa pamoja na aspirini na klopidogreli, huongeza kutoka damu tumboni. Ulizeni kinyesi cheusi. Mkitaka kulinda tumbo, pantoprazoli ni afadhali kuliko omeprazoli, kwa sababu omeprazoli nayo inaibana klopidogreli. Na mzee aliye kwenye furosemaidi ya kukojoza, sodiamu yake inaweza kushuka wiki za mwanzo: akichanganyikiwa ghafla msiseme ni uzee, pimeni damu.

Jambo la mwisho halisemwi kliniki, linasemwa dirishani kwa sauti ya chini. Wanaume wengi huacha vidonge vya moyo wakiamini vimewamaliza nguvu za kiume, kisha wananunua za kuongeza. Sildenafili pamoja na nitrogliserini, ile dawa ya kufungua mishipa inayowekwa chini ya ulimi, hushusha presha hadi mtu akazimia au akafa. Asichanganye ndani ya saa 24, na kwa tadalafili ni saa 48. Aulizwe kila mwanamume, tena aulizwe na mtu wa kwanza kukaa naye faragha. Na anayetaka kuacha atenololi ya kupunguza mapigo au dawa ya kundi lake asikate ghafla. Moyo unarudi kwa kishindo. Ipunguzwe polepole kwa maagizo.

---

Muuguzi_Likoni aliandika tena:

Ahsanteni sana, ya maharagwe nimeyapenda, naanza nayo wiki ijayo. Nina mawili yamebaki. La kwanza ni la usiku: mgonjwa anaamka saa 8, moyo mbio, jasho, anahisi anakufa. Mara 3 ameletwa, mara 3 vipimo safi. Sasa familia inamwambia ni wasiwasi tu, alale. Naogopa mara ya 4. La pili ni swali la 9 la PHQ, lile la kutamani kufa au kujidhuru. Wengine kazini wanaliruka.

---

Tabibu_Kizingo alijibu:

Dada, hofu yako ni ya haki. Aliyepata mshtuko wa moyo mara moja anaweza kuupata tena hata kama ana wasiwasi, na wasiwasi wenyewe huja zaidi kwa aliyekwisha kupata. Tusimlazimishe achague kimoja.

Mwambie akuonyeshe kwa mkono panapouma. Anayeonyesha kwa ncha ya kidole mahali padogo, maumivu ya kuchoma kama sindano yanayodumu sekunde chache, au yanayoongezeka ukipabonyeza, uwezekano wa angina ni mdogo. Anayeweka kiganja chote au ngumi kifuani, anasema pamebanwa au pamelaliwa na mzigo, yanadumu dakika kadhaa, yanakwenda taya, shingo au mkono, yanakuja akipanda au akishiba na yanatulia akipumzika, huyo ni wa moyo hadi ithibitishwe vingine. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza kukosa maumivu kabisa: wanachoka ghafla, wanahema, wanatapika. Kwao sheria ya kiganja haitoshi.

Hofu ya ghafla kwa kawaida hupanda hadi kilele ndani ya dakika 10 kisha hushuka, na huja na ganzi ya vidole na midomo kwa sababu ya kuhema haraka. Lakini usimkabidhi mgonjwa kazi ya kupambanua hayo peke yake gizani. Mpe utaratibu mmoja wa usiku, ulioandikwa, ubandikwe mlangoni. Akae kitako, asisimame. Nitrogliserini 1 chini ya ulimi kama ameandikiwa. Angoje dakika 5 akitazama saa, na ndani ya dakika hizo avute pumzi kwa hesabu ya 4 na aitoe kwa hesabu ya 6, polepole kwa pua. Maumivu yakibaki, kidonge cha pili, dakika 5 nyingine. Yakibaki bado, au yakiwa yanazidi hata kabla ya hapo, ni hospitali bila kujadiliana, na atafune aspirini 300 mg njiani kama hana mzio nayo wala hajakatazwa. Kama dakika 10 zimepita na kifua ni shwari, anaandika tarehe na saa kwenye daftari na analala. Hivyo pumzi ileile inamtuliza mwenye hofu na haimcheleweshi mwenye mshtuko.

Na hivyo vidonge vikae kwenye chupa yake ya kioo iliyofungwa vizuri, mbali na joto. Ndani ya gari Mombasa, au mfukoni mwa shati kutwa, vinapoteza nguvu. Chupa ikishafunguliwa wiki 8, nunua nyingine.

Anayeamka akihema, akakaa ukingoni mwa kitanda, au akafungua dirisha apate hewa, msimwite mwenye wasiwasi kabla hamjauliza analalia mito mingapi na uzito umepanda kiasi gani. Moyo uliochoka huamsha watu hivyohivyo saa 8 za usiku. Na kwa vijana ulizeni muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa: jioni inakimbiza mapigo na kuondoa usingizi, alfajiri inamwacha mtu na roho nzito. PHQ yake itapanda, na dawa ya sonona siyo ya kwanza kumfaa.

Nitaje na hali moja ambayo huzuni yenyewe inaugusa moyo mara moja. Wajapani waliieleza mwaka 1990 na kuiita takotsubo, chungu chao cha kuvulia pweza, kwa sababu chumba cha kushoto cha moyo hututumka chini na kubanwa shingoni kama chungu hicho. Wengi wanaoipata ni wanawake waliokoma hedhi, baada ya msiba au mshtuko mkubwa. Maumivu yake na kipimo cha umeme vinafanana na mshtuko wa moyo, basi hutibiwa kama mshtuko wa moyo hadi mishipa ionekane ni safi. Wengi hupona ndani ya wiki kadhaa. Mjane aliyekuja na kifua siku ya pili ya matanga asiambiwe "ni msiba tu".

---

Fizio_Nyali alijibu:

Mmesema ya dawa na maneno. Mimi nasema ya miguu, kwa sababu kwa mtu asiyependa kuzungumza, kutembea ndiyo tiba ya nafsi anayoikubali bila kubishana.

Aliyetoka wodini bila matatizo, na daktari ameruhusu, aanze dakika 5 hadi 10 mara 2 kwa siku mahali tambarare, aongeze dakika chache kila wiki hadi afike dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kipimo cha kasi ni mdomo: aweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Kwa mnyamavu hilo halifanyi kazi, hana wa kusema naye. Mwambie ahesabu hadi 15 kwa sauti au asome dua fupi. Akikatika katikati, apunguze mwendo. Kifua kikibana asimame, akae, afuate ule utaratibu wa daktari.

Mama Ngina pale ufukweni panafaa: tambarare, pana pa kukaa, upepo wa bahari. Alfajiri baada ya sala au jioni jua likishalegea, si saa 7 mchana. Asitoke ndani ya saa 1 baada ya mlo mzito.

Bi Muuguzi, uko Likoni, basi hili ni lako. Feri ya kuvukia kisiwani Mombasa huvunja kazi yetu yote. Mtu anatembea vizuri wiki 3, kisha anasikia honi, watu wanakimbia, naye anateremka mbio na mfuko mkononi, ng'ambo anapanda ule mteremko katikati ya umati unaomsukuma. Joto, mzigo, kupanda na hofu ya kuachwa, vyote kwa mara moja. Mwandikieni kwenye kadi: feri ya kwanza iende, nakaa, naingia inayofuata, natoka wa mwisho. Mizigo ibebwe na mwingine. Kwa mtu anayeona aibu kuwaambia wenzake "sikimbii, nina moyo", kadi iliyoandikwa na kliniki inamsemea.

---

Mshauri_Majengo alijibu:

Fizio amenifungulia nililotaka kumrudishia daktari. Nakubali herufi D isibandikwe kwenye faili. Mtu akishaambiwa ana tabia inayoua, wasiwasi wake unaongezeka na hana pa kuupeleka. Lakini ule upande wa kujizuia una kazi yake, hata kama hautabiri kifo. Unakwambia habari zitakufikiaje. Mwenye kusema atakuja siku miguu imevimba. Mwenye kujizuia atakuja siku hawezi kulala chali, kwa kuwa hakutaka kuwasumbua. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kwa moyo uliochoka siku 4 za kuficha zinatosha.

Kwa hiyo mtengenezee njia isiyohitaji mdomo. Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, ajipime uzito na atume tarakimu tu kwa simu ya kliniki. Hana haja ya salamu wala maelezo. Ikipanda kilo 2 ndani ya siku 3, nyinyi ndio mnampigia. Tarakimu isipokuja mara 2 mfululizo, mhamasishaji wa afya ya jamii anapita nyumbani. Kwa kweli kunyamaza kwake kwa wiki moja ni habari kuliko uzito wenyewe. Asiye na mizani nyumbani, ziko kwa duka la dawa.

---

Tabibu_Kizingo alijibu:

Hapo nimekubali, na nitaanza kufanya hivyo.

Nirekebishe jambo moja kabla halijasahaulika: msipime PHQ siku ya kutoka wodini pekee. Siku hizo kila mtu amelegea, na kwa wengi hupungua yenyewe. Pimeni tena wiki ya 2 hadi ya 4, halafu kila miezi 3 mwaka wa kwanza. Na maswali ya uchovu, usingizi na hamu ya chakula hupandishwa na moyo wenyewe, kwa hiyo jumla ya 11 iliyotokana zaidi na hayo matatu si sawa na 11 iliyotokana zaidi na kukosa raha, kukata tamaa na kujiona mzigo kwa familia. Someni safu, siyo jumla tu.

Na tusiwaahidi tusichonacho. Utafiti mkubwa wa mwaka 2003, wa wagonjwa 2,481 waliopata mshtuko wa moyo, ulionyesha ushauri nasaha wa kitaalamu unapunguza sonona lakini haukupunguza vifo wala mishtuko ya pili. Mtibuni kwa sababu anateseka, na kwa sababu aliyepata nafuu humeza vidonge vyake na hutoka nje kutembea.

---

Mshauri_Majengo alijibu:

Lililobaki ni swali la 9. Dada, msiliruke. Kumuuliza mtu kama amefikiria kufa hakumtii wazo hilo kichwani. Aliye nalo hupata pumzi kwamba kuna aliyeuliza. Ila ulizeni kwa adabu ya kwetu. Wengi wakisikia neno "kujiua" watakana kwa sababu ya dini, hata kama usiku wanaomba Mungu awachukue. Anzia hapo: "Kuna siku umetamani usiamke?" Akisema ndiyo, shuka ngazi ya pili: "Umewahi kufikiria kujidhuru mwenyewe?" Kisha ya tatu: "Umefikiria kwa njia gani? Hicho kitu kiko nyumbani?"

Kwa mgonjwa wa moyo njia hiyo mara nyingi imo ndani ya mfuko mliompa nyinyi. Digoksini, amitriptilini na dawa za mapigo za miezi 3 ni nyingi kwa nyumba yenye mtu aliyekata tamaa. Mpeni za wiki 1, na zikae kwa mtu mliyekubaliana naye, si kwa siri. Kuacha vidonge kwa makusudi nako ni kujidhuru. Muulize waziwazi kama ameviacha kwa kusahau, kwa pesa au kwa kuchoka na maisha.

Ngazi ya pili au ya tatu ikijibiwa ndiyo, haondoki peke yake. Mmoja wenu anakaa naye, mwingine anampigia mhudumu wa afya ya akili wa hospitali yenu ya rufaa, na anayemsindikiza anaambiwa mbele yake, kwa idhini yake, asiachwe usiku huo. Nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, muiandike nyuma ya ile kadi ya feri, ili siku akiitoa mfukoni asiwe na haja ya kuitafuta.